Tenshena: Kifaa kidogo kinachoweza kuangamiza injini ya gari

MADEREVA wengi jijini Dar es Salaam wamezoea mlio mkali unaotoka chini ya boneti gari linapowashwa asubuhi. Mlio huo hudumu sekunde chache, kisha hupotea, na mwenye gari huendelea na safari akiamini kuwa tatizo limekwisha lenyewe.

Mara nyingi mlio huo ni wa mkanda unaoteleza juu ya puli zake. Betri huwa imepungua nguvu baada ya kuwasha injini, hivyo oltaneta hufanya kazi kubwa kuijaza tena, na mkanda usiokazwa vya kutosha hushindwa kuizungusha. Betri inapokaribia kujaa, mzigo hupungua na kelele hunyamaza. Ulegevu wa mkanda, hata hivyo, hubaki pale pale.

Mkanda huo, ambao kwa mazoea huitwa fenibelti hata katika magari ambayo feni yake huzungushwa na umeme, hupokea nguvu kutoka kwenye puli ya krenkishafti na kuipeleka kwenye oltaneta na kompresa ya kiyoyozi. Katika magari mengi huzungusha pia pampu ya maji na pampu ya usukani. Kinachoufanya ushike sawasawa wakati wote ni kikaza mkanda, ambacho mafundi hukiita tenshena.

Tenshena ya kawaida ina mkono wenye springi kali, puli yenye beringi ndani yake, na sehemu ya kupunguza mtikisiko. Mkanda unapotanuka kwa joto au kulika kwa umri, mkono husogea na kuuvuta. Tatizo ni kwamba springi huchoka polepole, na vumbi na tope la barabara zetu huimaliza beringi mapema, hasa gari likishapitishwa kwenye madimbwi wakati wa masika.

Madhara ya kupuuza kifaa hicho hutegemea mkanda unazungusha nini. Oltaneta ikisimama, taa nyekundu ya betri huwaka kwenye dashibodi na gari huweza kutembea kwa muda kwa umeme uliobaki. Pampu ya maji ikisimama, hali ni tofauti kabisa: maji hayazunguki, joto hupanda ndani ya dakika chache, na dereva anayejikaza afike nyumbani kwanza huishia kuunguza gasketi au kupinda silinda hedi. Gharama ya matengenezo hayo hupita mara nyingi bei ya tenshena na mkanda vikiwa pamoja. Aidha, kwa magari yenye usukani unaosaidiwa na pampu ya mafuta, usukani huwa mzito ghafla mkanda unapokatika, jambo ambalo hakuna dereva angependa limkute kwenye kona za mlima Kitonga, mkoani Iringa.

Ni vyema ifahamike kuwa si kila gari lina tenshena ya kujikaza yenyewe. Magari madogo yaliyojaa mijini, kama Toyota IST, Probox na Vitz zenye injini ya 1NZ-FE, mkanda wake hukazwa kwa kuisogeza oltaneta na kuifunga kwa bolti. Mwenye gari la aina hiyo akiambiwa gereji kuwa tenshena imekufa, ana haki ya kuomba aonyeshwe ilipo. Injini ya 1ZZ-FE, iliyofungwa katika baadhi ya Corolla na RAV4, ndiyo yenye tenshena ya kujikaza.

Kwa mkanda unaokazwa kwa mkono, kipimo cha zamani bado kinafaa: ukibonyezwa katikati ya puli mbili kwa nguvu ya kilo 10 hivi, ushuke takriban milimita 10, ingawa kila injini ina kipimo chake kitabuni. Kuukaza kupita kiasi ili usipige kelele kamwe huua beringi za oltaneta na za pampu ya maji.

Kwa upande wa tenshena ya kujikaza, ukaguzi huanza injini ikiwa inaunguruma bila kukanyagiwa mafuta. Mkono wa tenshena hutakiwa kutikisika kidogo tu. Ukirukaruka, springi au kipunguza mtikisiko kimechoka. Kipimo kingine ni kunyunyizia maji kidogo kwenye upande wa mkanda wenye mifereji, mikono na nguo vikiwa mbali na puli. Kelele ikinyamaza kwa muda, yaelekea puli hazikukaa kwenye mstari mmoja. Ikiongezeka, mkanda unateleza kwa kukosa mkazo.

Kupaka sabuni au dawa ya kunata kwenye mkanda ili unyamaze si matengenezo. Dawa hiyo hukamata vumbi, na vumbi huula mkanda. Kadhalika, mkanda uliolowa mafuta ya injini haufai kubadilishwa kabla ya kuziba mahali yanapovujia, kwani mpya nao utaharibika vivyo hivyo.

Mikanda yenyewe imebadilika. Ile ya zamani ilionyesha nyufa ilipochoka, lakini ya kisasa iliyotengenezwa kwa mpira wa EPDM hulika taratibu kama tairi, na huweza kuonekana mizima huku mifereji yake ikiwa imekwisha. Ndiyo maana gari lililokwishatembea kilomita 100,000, na magari mengi ya mtumba kutoka Japan huwasili yakiwa yamekaribia au kupita hapo, linastahili kukaguliwa kwa makini bila kusubiri kelele.

Kazi ya kubadilisha si kubwa kwa fundi mwenye vifaa. Kwanza hufungua waya wa hasi wa betri, kisha huchora njia ya mkanda kwenye karatasi, hatua ambayo wengi huiruka na kuijutia baadaye. Huizungusha tenshena kwa spana upande unaolegeza mkanda. Kwa 1ZZ-FE ni spana namba 19, na hutakiwa kuzungushwa polepole kwa sababu ndani yake kuna mafuta yanayohitaji muda kusogea. Mkanda ukishatoka, kila puli huzungushwa kwa mkono. Inayokwaruza, kuyumba au kutoa sauti ya mchanga ina beringi mbovu.

Tenshena mpya hulinganishwa na ya zamani kabla ya kufungwa, na bolti zake hukazwa kwa kiwango kilichowekwa na mtengenezaji, kwani nyingi huingia kwenye aluminiamu, ambayo nyuzi zake hukatika kirahisi. Zile zinazouzwa zikiwa na pini ya kuzuia springi, pini huondolewa tenshena ikishafungwa na mkanda ukishakaa.

Mkanda nao usomwe maandishi yake. Ulioandikwa 6PK1200 una mifereji 6 na urefu wa milimita 1,200. Mfupi au mrefu kuliko unaotakiwa huifanya tenshena ikae mwishoni mwa mwendo wake, ikashindwa kukaza.

Katika maduka ya spea ya Gerezani na Kariakoo, tenshena hupatikana mpya na za mtumba. Ya mtumba inaweza kuwa halisi, lakini springi yake imekwishatumika kwa miaka isiyojulikana. Mpya ya bei ya kutupa nayo ina hatari ya kuwa bandia, na kasoro huonekana zaidi kwenye beringi. Mnunuzi huweza kuizungusha puli hapo hapo kaunta, akasikiliza, na kudai risiti yenye namba ya spea kabla ya kuondoka.