Diski inaposema “tayari” kabla ya wakati: amri ya FUA katika Linux

Umeme ukikatika ghafla, kompyuta inayotunza miamala ya fedha au taarifa za wagonjwa huweza kuwaka tena ikiwa imepoteza maandishi ambayo diski ilikwisha kuyakiri. Diski nyingi, za sahani zinazozunguka na hata za SSD, zina hifadhi ndogo ya ndani inayotegemea umeme. Maandishi hutua humo kwanza, diski hujibu “tayari”, kisha huyahamishia mahali pa kudumu kwa wakati wake. Kasi huongezeka, lakini kati ya jibu na uhamishaji ndipo ilipo hatari.

Kiini cha mfumo endeshi wa Linux kina njia mbili za kuizuia. Ya kwanza ni kuiamuru diski imwage kila kilichomo katika hifadhi hiyo, yakiwemo maandishi ya programu nyingine yasiyo na haraka. Ni kama kuwashusha abiria wote wa basi kwa ajili ya mmoja. Ya pili ni FUA, herufi tatu zisizohusiana na kufua nguo. Alama hiyo huambatishwa kwenye ombi moja tu la kuandika, na diski haipaswi kujibu hadi maandishi hayo yawe yamefika mahali pa kudumu. Mifumo ya faili kama ext4 huitumia inapoandika katika jarida lake rekodi ya kukamilisha muamala. Kabla ya rekodi hiyo diski bado huamriwa kumwaga. FUA huondoa haja ya kumwaga mara ya pili.

Kwa diski za SATA, kiendeshi kiitwacho libata kiliiacha FUA ikiwa imezimwa kwa miaka mingi. Sababu ilikuwa diski zilizodai kuijua amri hiyo ilhali zikiitekeleza vibaya. Data haikuachwa bila ulinzi: kiini kiliandika, kisha kikaamuru kumwaga. Gharama yake ilikuwa muda.

Mwaka 2022 mhandisi Damien Le Moal wa Western Digital aliwasilisha mfululizo wa marekebisho ya libata. Moja lilihusu kasoro ndogo yenye madhara makubwa. Amri za SATA huandika anwani kwa biti 28 au 48, na katika zile za biti 28 hakuna yenye FUA. Hata hivyo, diski iliponyimwa foleni ya maombi, kiendeshi kilitazama kwanza kama anwani ingetosha katika biti 28. Hivyo ombi dogo la FUA, lililolenga mwanzoni mwa diski, lilishindwa kabisa, wakati ombi kubwa zaidi lilipita bila tatizo. Marekebisho yaliamuru kwamba ombi lenye FUA litumie biti 48 daima.

Jingine lilikuwa orodha ya diski zisizoaminika, zikiwemo baadhi za Maxtor. Kwa maoni yetu, hilo ni haki zaidi kuliko kuzinyima diski zote kwa kosa la chache.

Msimamizi wa mashine yenye diski inayoitwa sda husoma hali yake katika faili /sys/block/sda/queue/fua: 1 humaanisha kiini kinaitumia FUA, 0 humaanisha kinategemea kumwaga.