Sehemu ya 6: Nani alibeba nini kwenye msafara?

Leo tunaingia kwenye historia ya kwetu, ila tuanzie kwenye simu ya kijana wako.

Akiwa na wenzake wanacheza gemu la vita, hebu muulize kila mhusika anafanya nini. Atakwambia huyu anatangulia kupokea mapigo, huyu anapiga kwa mbali, huyu kazi yake ni kuponya wenzake. Wakijaa wapiganaji watupu bila wa kuponya, hawafiki mbali. Mababu na mabibi zetu wa Unyamwezi walilijua somo hilo kwa miguu yao.

Sisi wa Igalula tumezoea kusikia treni. Lakini reli ilifika Tabora mwaka 1912 tu. Kabla ya hapo, pembe za ndovu zilikwenda Bagamoyo mabegani mwa watu, na vitambaa, shanga na waya wa shaba vikarudi hivyo hivyo. Mpagazi mmoja alibeba kilo 30 hivi, mwendo wa miezi.

Na hawakwenda kama kundi la mbuzi. Mbele alitangulia kirangozi, kavaa nguo nyekundu na manyoya kichwani, ndiye ajuaye njia. Ukimpita mbele, unatozwa faini! Nyuma yake walikuja wenye nguvu na pembe kubwa, kisha wa vitambaa na shanga. Wanyapara walisimamia vikundi vya wapagazi (neno hilo bado tunalo, si ndiyo?). Askari wenye bunduki walilinda mali na kuwakusanya waliochoka njiani. Mganga naye alikuwepo, maana homa, kuhara na ndui viliua watu wengi njiani.

Sasa niambie, nani alipika? Wanyamwezi wengi walisafiri na wake zao, na wengine na watoto pia. Mwanamke alibeba vyungu na chakula, pengine na mtoto mgongoni. Wakifika kambini mwanaume anatua mzigo, mama ndiyo kwanza anatafuta maji na kuni. Tumbo tupu halibebi pembe. Kwa hiyo mwenye sufuria aliulinda msafara sawa na mwenye bunduki.

Mfano mmoja una majina kabisa. Mwaka 1872 David Livingstone alikaa Kwihara, hapo jirani na Tabora, kisha akaondoka mwezi Agosti. Mei 1873 akafia kwa Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake wakaamua kuurudisha mwili wake pwani, wakagawana kazi. Susi na Chuma wakaongoza. Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari Zanzibar, akautayarisha mwili usiharibike. Jacob Wainwright, aliyekuwa na elimu ya shule, akasoma sala na kuorodhesha vitu vya marehemu. Halima, mpishi wa Livingstone, naye akatembea.

Oktoba wakafika Unyanyembe. Msafiri Mwingereza, Cameron, akawashauri wamzike hapo. Wakakataa, wakashika njia ya mashariki, upande huu ilipo Igalula. Njiani watu wakawa hawataki maiti ipite kwao, basi wakaufunga mwili upya ufanane na mzigo wa vitambaa, na wenzao wengine wakageuka na mzigo wa uongo kana kwamba wanaurudisha Unyanyembe. Wakapita. Februari 1874 wakafika Bagamoyo. Hesabu mwenyewe: miezi tisa, umri wa mimba.

Halafu ikaja zawadi. Wainwright akaenda Uingereza na mwili, akawa miongoni mwa waliolisindikiza jeneza kwenye mazishi ya Westminster Abbey. Susi na Chuma nao wakaalikwa huko baadaye. Halima je? Alifika mpaka Zanzibar. Mwaka huo huo Horace Waller, aliyehariri shajara za Livingstone, akaandika kwa masikitiko kwamba utumishi wake wa muda mrefu haukulipwa chochote. Njiani kazi yake ilihesabika. Kwenye shukrani ikasahaulika.

Mama, hilo bado lipo majumbani. Kazi ya kulisha, kuogesha na kukesha na mtoto mwenye homa haina jina, kwa hiyo inaonekana kama inajifanya yenyewe. Siku mama akiugua au uchungu ukianza usiku, ndipo nyumba nzima inauliza sufuria iko wapi.

Kwa hiyo kaeni leo, wewe na baba watoto na bibi kama yupo, mgawane kazi kwa majina kabla ya safari. Nani atakusindikiza kituoni? Nani ana namba ya bodaboda au gari, na hela ya dharura inakaa wapi? Nani atabaki na watoto, na watakula nini? Nani wawili watakuwa tayari kuchangia damu ikihitajika? Andikeni, mbandike ukutani. Na damu ikitoka kabla ya uchungu, au kichwa kikiuma sana na macho yakaona ukungu, msingoje asubuhi. Ondokeni.

Na wewe baba unayesoma hapa: jua anachobeba mwenzako, kisha chukua sehemu ya mzigo. Kirangozi mwenyewe alikula kilichopikwa na mtu.

Sehemu ya 7 tutaongelea ndui na chanjo. Mtumie mama mwenzako anayekaribia kujifungua.