Mzee wa Zeze, Jirani Yetu wa Bagamoyo

Ndugu msomaji, hebu nikuulize. Ukisikia "mpiga fidla wa okestra" unamwona nani? Nimewauliza vijana wenzangu hapa Maili Moja, Kibaha, na wengine kule Kisarawe. Majibu yale yale: Mzungu mwenye suti nyeusi, kaibana fidla kidevuni, karatasi za noti mbele yake. Waliolelewa na taarab wakataja vikundi vya Unguja, angalau hao wamekaribia. Lakini Hukwe Ubi Zawose hakutajwa na mtu, na mzee huyu aliishi na kufia Bagamoyo, mkoa wetu huu huu wa Pwani!

Kwa kuzaliwa hakuwa wa huku. Alikuwa Mgogo, mzaliwa wa kijiji cha Doma, Dodoma, mwaka 1938. Aliimba, alipiga ilimba, na alipiga zeze. Hili zeze ndilo fidla ya Wagogo: kibuyu kimewambwa ngozi, kimechomekwa mti, nyuzi zimekazwa juu yake, na kuna upinde mdogo wa kusugulia. Kidevuni haliwekwi. Mpigaji anaimba huku anasugua, kwa hiyo kidevu anakihitaji.

Sasa sikiliza jambo ambalo shuleni hatukufundishwa. Uzi mmoja ukiguswa hutoa sauti nene, na ndani yake zimejificha sauti nyingine nyembamba, moja juu ya nyingine. Wagogo wamechukua noti zao humo humo, ndani ya uzi. Ndiyo maana kuna noti yao moja ukiitafuta kwenye kinanda cha dukani huipati ng'o. Inakaa katikati ya vitufe viwili. Wanaosema zeze "halina tuni" wamezoea kinanda tu, basi.

Baada ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alimwita Zawose Dar es Salaam, akaingia katika kikundi cha ngoma cha taifa. Baadaye akahamia Bagamoyo, ambako Chuo cha Sanaa kilianzishwa mwaka 1981. Huko yeye na ndugu zake walikaa pamoja na mazeze ya ukubwa mbalimbali, dogo la sauti nyembamba, la kati, na kubwa linalonguruma chini, ilimba zikijaza katikati na sauti za watu zikipanda juu. Kama hiyo si okestra, basi mimi sijui okestra ni mnyama gani.

Wa nje walimsikia mapema. Mwaka 1985 ilitoka Uingereza sahani iitwayo Tanzania Yetu, ambamo Zawose yumo pamoja na Dickson Mkwama na Lubeleje Chiute. Wajapani nao walimwalika na kumrekodi. Mwaka 1996 kampuni ya Peter Gabriel, Real World, ikatoa Chibite, na mwaka 2002 mzee alikuwa Marekani na mpwa wake Charles, wakifungua maonyesho ya Gabriel mwenyewe katika kumbi kubwa. Hebu wafikirie watu wawili wa Bagamoyo, na vibuyu vyao, mbele ya umati uliokuja kusikiliza magitaa ya umeme!

Na sisi? Kwetu mtu wa zeze tunamweka kwenye kapu la "utamaduni". Anaitwa uwanja wa ndege kumlaki mgeni wa serikali, anapiga dakika kumi, gari linamrudisha. Anayeitwa mwanamuziki ni yule mwenye gitaa. Mimi ninayetamani kuandika riwaya hili linaniuma kweli, maana visa tunavitafuta London na New York wakati mtu mzima kama huyu alikuwa ng'ambo ya Mlandizi tu.

Zawose alifariki Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003. Kazi haikufa naye. Kwa desturi ya Wagogo, mwanamke aliachiwa ngoma ya muheme; zeze na ilimba vilikuwa mali ya wanaume. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah, wanaojiita The Zawose Queens, walitoa albamu yao Maisha kwa kampuni ile ile ya Real World. Muheme wanaupiga bado, wala hawajautupa. Ila sasa na zeze wamelishika wao.