Masalia ya supanova

Ndani ya neno supanova mna neno la Kilatini lenye maana ya "mpya", ilhali linataja nyota inayokufa. Wanajimu wa China walikuwa waangalifu zaidi. Julai 1054 nuru isiyojulikana ilipotokea upande wa kundinyota la Ng'ombe, waliiita nyota mgeni. Wala hakuwa mgeni wa siku mbili: alionekana mchana kweupe kwa siku 23, na usiku kwa karibu miaka miwili.

Pale alipokuwa sasa pana Nebula ya Kaa, wingu la gesi lililo umbali wa takriban miaka-nuru 6,500 kutoka kwetu. Mawingu ya aina hii huitwa masalia ya supanova. Mtu angeweza kusema mabaki, lakini mabaki yananukia sahani iliyokwisha kuliwa. Masalia yana hadhi ya vitu vya kale. Kasoro yake ni kwamba humfanya msomaji afikirie kitu kilichotulia.

Wingu hili halijatulia hata kidogo. Mwaka 1921 mwanaastronomia John Duncan alilinganisha picha zilizopigwa kwa kupishana miaka kadhaa, akaona nyuzi za gesi zimesogea kuelekea nje. Zinakwenda kilomita 1,500 hivi kwa sekunde. La ajabu, ukipiga hesabu ya kurudi nyuma kwa kasi hiyo, hufiki 1054 bali miongo kadhaa baadaye. Maana yake gesi imeongeza mwendo tangu mlipuko, kuna kinachoisukuma.

Msukumaji alipatikana mwaka 1968: pulsa, kiini cha nyota ileile kilichojiporomokea ndani, chenye uzito unaozidi wa Jua katika tufe lenye upana wa kilomita 20 na ushei. Huzunguka mara 30 kwa sekunde. Elektroni inazozirusha hujipinda katika uga wa sumaku zikikaribia kasi ya nuru, na hapo hutoka ule mwanga wa samawati wa katikati. Nyuzi za nje zina rangi zake, kila elementi na yake. Gharama yote hulipwa na mzunguko wa pulsa, ambao unapungua kasi kidogo kidogo.

Masalia mengi hayana mfadhili wa namna hiyo. Yale yaitwayo Cassiopeia A, kwa mfano, hung'aa hasa kwa sababu gesi iliyorushwa inagonga gesi iliyotangulia na kupata joto la mamilioni ya nyuzi. Kwa hiyo Kaa hupewa pia jina la pili, nebula ya upepo wa pulsa, na hilo ndilo linaloeleza inakopata nuru yake.