Nyumbani kwa Kijana wa Kipungani

Kipungani ni kijiji kidogo kilicho kwenye pembe ya kusini-magharibi ya kisiwa cha Lamu, kikitazamana na bara ng'ambo ya mkondo uliojaa mikoko. Kisiwa hiki kina makazi manne yanayojulikana zaidi: mji wa Lamu wenyewe, Shela, Matondoni na Kipungani. Mji una majumba yake ya mawe. Shela ina vilima vya mchanga na ufuo wa takriban kilomita 12 unaokwenda hadi upande wa Kipungani, na Matondoni ni kwa mafundi wa vyombo vya bahari. Kipungani imepata jina kwa usukaji wa mikeka, vikapu, kofia na vipepeo vya miaa. Ukitafuta nyumbani kulikuwa na maana gani kwa kijana wa hapa zamani, utaishia kwenye ufundi huo na mingine inayofanana nao. Kwa vizazi vingi mtoto wa Kipungani hakuzaliwa ndani ya nyumba iliyokwisha kujengwa; alizaliwa ndani ya nyumba inayotengenezwa tena na tena, naye akakua akiwa mmoja wa watengenezaji.

Nyumba ya kijiji ilisimama kwa miti ya mikoko. Wakataji wa Lamu huipa miti hiyo majina kufuata unene wake: fito ndizo nyembamba, zikifuatwa na pau, kisha mazio, boriti na nguzo. Fito zilifungwa kwa kamba hadi zikawa kiunzi cha ukuta, kikajazwa udongo na vipande vya mawe ya matumbawe. Pau zilibeba paa, makuti yakaezekwa juu yake tabaka kwa tabaka, na makuti mengine yakasukwa kuwa ua. Kamba nayo ilitoka kwenye mnazi. Makumbi ya nazi yalifukiwa kwenye matope ya pwani kwa miezi kadhaa, yakafukuliwa na kupondwa mpaka nyuzi zikaachana, kisha usumba ukasokotwa.

Paa la makuti ni zuri kwa joto la pwani, lakini halidumu. Baada ya miaka michache huanza kuvuja, na ni lazima liezekwe upya kabla ya mvua za masika. Kazi hiyo haikungoja fundi peke yake. Watoto waliokota makuti mashambani, wasichana na mama zao wakayashona kwenye vijiti, wavulana wakapanda juu kuyafunga. Jirani alisaidia leo, naye akasaidiwa siku ya paa lake. Kijana aliyekulia hivi alijua nyumba yao ilivyojengwa kuanzia nguzo ya kwanza, na alijua ni mkono wa nani uliofunga kila upande. Ni elimu ambayo nyumba ya kupanga mjini haiwezi kumpa mtu, hata iwe na starehe gani.

Usukaji ulikuwa shule ya pili, na hasa ya wasichana. Miaa hukatwa kwenye mkoma, mti wa jamii ya mitende unaoota bara na visiwani. Majani machanga huanikwa juani mpaka yakawa meupe, mengine huchemshwa na rangi, kisha huchanwa vipande vyembamba vya upana mmoja. Vipande hivyo husukwa kuwa ukili, utepe mrefu unaoviringishwa kadiri unavyokua, na kili hizo ndizo zinazoshonwa ukingo kwa ukingo hadi mkeka ukatokea. Msichana mdogo alianzia kwenye mabaki ya miaa pembeni mwa mama yake. Hakupewa somo, aliangalia, akakosea, akafumuliwa, akaanza tena. Kwa kuwa ukili huchukua siku nyingi, ulisukwa huku watu wakizungumza, na barazani hapo ndipo msichana alipozisikia habari za ukoo, za ndoa na za madeni ya kijiji. Mkeka wenyewe ulikuwa takriban samani yote ya nyumba. Watu walilala juu yake, wakala juu yake, wakampokea mgeni juu yake, wakaswali juu ya msala, na mkeka ulihitajika hata mazishini. Mikeka iliyozidi iliuzwa Lamu mjini, na fedha yake ilikuwa ya mwanamke aliyeisuka.

Nyumba za mji zilikuwa za namna nyingine, na vijiji vyote vya kisiwa viliishi chini ya kivuli chake. Waungwana wa Lamu walijenga majumba ya mawe ya matumbawe yenye dari za boriti. Mtu aliingia kwanza kwenye daka la mlangoni, akapita tekani, ukumbi wa kuingilia, hadi kiwandani, yaani uani, kisha misana miwili, vyumba virefu vilivyofuatana, na mwisho ndani, chumba kilichopambwa kwa zidaka za chokaa. Kadiri mtu alivyokuwa karibu na familia ndivyo alivyoruhusiwa kusogea ndani zaidi. Mgeni wa biashara aliishia kwenye sabule, chumba cha wageni karibu na mlango. Msanifu Usam Ghaidan aliyachunguza majumba haya katika miaka ya 1970, na mwaka 2001 mji wa kale wa Lamu ukaingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Majumba hayo yalifuata desturi moja inayoeleza mengi kuhusu vijana: nyumba ilikuwa ya binti. Baba mwenye uwezo alimjengea bintiye nyumba kabla ya kuolewa, au alimwongezea ghorofa juu ya nyumba ya wazazi, na nyumba za ndugu wa kike zikaunganishwa kwa wikio, daraja lililopita juu ya kichochoro, ili wanawake watembeleane bila kuonekana njiani. Bwana harusi ndiye aliyehama. Alitoka kwa mama yake, akaingia kwa mke, na fungate ya siku saba ikaanza humo. Vijijini hapakuwa na ghorofa wala wikio, na uwezo ulikuwa wa kadiri, lakini mkondo ulikuwa ule ule wa binti kukaa karibu na mama yake na kijana wa kiume kwenda.

Kwa hiyo vijana wawili waliozaliwa chini ya paa moja hawakuwa na nyumbani kwa namna moja. Kwa msichana, nyumbani palikuwa mahali pa kurithi na pa kubaki, na malezi yake yote yalimtayarisha kupashika. Mnamo 1858 Mwana Kupona, mwanamke wa visiwa hivi hivi, alimtungia bintiye utenzi wa wosia ambao sehemu yake kubwa ni juu ya mume na uangalizi wa nyumba. Ni wosia wa watu wa tabaka la juu, waliokuwa na watumishi, na si haki kumpima msichana wa Kipungani kwa kipimo hicho. Mwanamke wa mjini alitoka akiwa amefunikwa na shiraa, turubai lililobebwa na wajakazi, ilhali mwenzake wa kijijini alikwenda kisimani, kutafuta kuni na shambani kwa miguu yake. Nyumba yake haikuwa na kuta nene za kumficha, na uhuru wake wa kutembea ulikuwa mkubwa zaidi.

Kwa mvulana, nyumbani palikuwa mahali pa kuondoka na kurudi. Asubuhi alikwenda chuoni kusoma Kurani, mchana akashuka pwani, na alipopata nguvu akaingia chomboni. Mwanaanthropolojia Mholanzi A.H.J. Prins, aliyeandika kitabu kizima juu ya mabaharia wa Lamu mwaka 1965, alionyesha jinsi maisha ya watu hawa yalivyoendeshwa na pepo. Kaskazi ilileta vyombo kutoka Arabuni na Ghuba ya Uajemi, kusi ikavirudisha vikiwa na shehena ya boriti. Wakataji wa mikoko walikaa wiki nzima na zaidi katika hori za mbali, wakilala chomboni au kambini. Mvulana aliyekwenda nao alijifunza upishi, kushona tanga na kuvumilia mbu, na aliporudi alikuja na kitu mkononi kwa ajili ya nyumba ya mama. Baadaye alileta kwa nyumba ya mke. Kipindi cha katikati, baada ya kuacha ua wa mama na kabla ya kuoa, kilikuwa kirefu kwa wengi wao, na bahari ndiyo iliyokijaza.

Desturi hii ya binti kubaki na mvulana kuondoka si ya Lamu peke yake. Kisiwani Ngazidja, katika Komoro, nyumba pia ni ya mwanamke na bwana harusi huingia kwa mkewe. Katika kisiwa jirani cha Mayotte wavulana waliobalehe walijijengea vibanda vyao vya banga na kuondoka katika nyumba ya wazazi. Kati ya Komoro na Lamu watu wamesafiri kwa karne nyingi, na mmoja wao aliibadilisha Lamu kabisa. Swaleh bin Alawi Jamalilil, maarufu kama Habib Swaleh, alizaliwa Ngazidja na akafika Lamu akiwa bado kijana. Hapo alifanya maskani, akafundisha, na mwishoni mwa karne ya 19 akaanzisha kituo cha elimu kilichokuja kuwa Msikiti wa Riyadha.

Habari zake zina uzito hapa kwa sababu ya watu aliowafundisha. Utajiri wa Lamu katika karne ya 19 ulitoka kwa sehemu kubwa kwenye mashamba ya bara, yaliyolimwa na watumwa. Kijana wa kitumwa alilala chini ya paa ambalo hakuwa na haki juu yake. Angeweza kuuzwa, na mtoto wake hakuwa na nyumba ya kurithi. Utumwa haukufutwa kisheria katika pwani ya Kenya hadi 1907. Habib Swaleh aliwafundisha watoto wa tabaka la chini na wa watumwa pamoja na wengine, jambo lililowaudhi baadhi ya waungwana wa zama zake. Maulidi aliyoyaasisi huadhimishwa kila mwaka katika mwezi wa Mfungo Sita, na hadi leo ndiyo majira ambayo vijana wa visiwa hivi waliotawanyika Mombasa, Malindi na kwingine hurudi kwao.

Baada ya uhuru mambo mengi yalibadilika kwa haraka. Vita vya Shifta kati ya serikali na waasi wa kaskazini-mashariki, kuanzia 1963 hadi 1967, vilivunja vijiji vya Wabajuni, Waswahili wa pwani hii ya kaskazini, upande wa bara, na wakazi wake wakakimbilia visiwani, Malindi na Mombasa. Watoto wa familia hizo walikulia ugenini wakihesabiwa watu wa vijiji ambavyo vilikuwa vimemezwa na msitu. Mwaka 1982 serikali ilipiga marufuku usafirishaji wa boriti nje ya nchi, na safari ya Arabuni iliyokuwa imewalea wavulana kwa karne kadhaa ikakatika. Pigo jingine lilikuja Februari 2018, ukataji wa miti uliposimamishwa nchi nzima na mikoko ya Lamu ikahusishwa, ingawa Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya na maelfu ya watu wake hula kwa kazi hiyo.

Shule ilifanya kimya kimya kile ambacho marufuku ilifanya kwa kishindo. Elimu ya msingi ya bure ilipotangazwa mwaka 2003, watoto wengi zaidi waliingia darasani, na masomo ya sekondari yakawapeleka wengi wao Lamu mjini, Malindi na Mombasa. Hili ni jema, na hakuna mzazi wa kijijini anayetaka lirudishwe nyuma. Lakini msichana aliye bwenini hashoni makuti wala hasuki ukili. Mabati na mikeka ya plastiki vimeingia wakati huo huo, na nyumba ya mabati haiwadai vijana kazi ya mara kwa mara. Hasara yake huonekana polepole, pale anapopatikana kijana anayeipenda nyumba ya kwao bila kujua chochote kuhusu namna ya kuitengeneza. Utalii ulirudisha thamani ya makuti na miaa kwa muda, kwa kuwa hoteli za ufukweni, Kipungani ikiwamo, zilijengwa kwa mtindo wa kijiji. Baada ya utekaji nyara wa wageni mwaka 2011 soko hilo liliporomoka.

Tatizo kubwa zaidi la sasa halimo katika paa wala mkeka. Limo ardhini. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria iliyowataka watu wa pwani wathibitishe madai yao ya ardhi. Ardhi isiyothibitishwa ikahesabiwa mali ya Taji la Uingereza, na baada ya 1963 ikawa ya serikali. Familia nyingi za Lamu zimeishi hivyo tangu hapo, na makaburi ya mababu, minazi na visima vikiwa ndivyo ushahidi wao. Ujenzi wa bandari mpya upande wa bara ulizinduliwa Machi 2012, na gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021. Katikati ya miaka hiyo bei ya ardhi ilipanda, na Oktoba 2014 rais wa wakati huo alifuta hati za ekari takriban 500,000 zilizokuwa zimegawiwa kampuni 22 katika kaunti ya Lamu. Wavuvi nao walikwenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikaamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa hasara iliyotokana na bandari hiyo.

Mzee wa zamani wa Kipungani aliweza kumwachia bintiye nyumba kwa neno lake tu, majirani wakiwa mashahidi. Neno hilo halitoshi tena mbele ya ofisi ya ardhi. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaziruhusu jamii kujisajili, kuchagua kamati ya watu 7 hadi 15, na kudai ardhi wanayoitumia kwa pamoja. Vijana waliosoma ndio wenye uwezo mkubwa wa kuzijaza fomu hizo na kuzifuatilia. Wanaporudi kwa Maulidi, na waketi na wazee wao, waandike mipaka ya mashamba, visima na njia za pwani, na waipeleke kazi hiyo serikalini wazee hao wakiwa bado hai.