Bustani za Shetani

Katika pwani ya Misri, kilomita 100 hivi magharibi mwa Alexandria, kuna mji uitwao El Alamein. Hapo, kuanzia Oktoba 23, 1942 hadi mwanzoni mwa Novemba, Waingereza na washirika wao walipambana na Wajerumani na Waitalia katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Kabla ya pambano hilo Erwin Rommel, jemadari wa Wajerumani, aliamuru mabomu yazikwe mchangani mbele ya askari wake. Yalizikwa karibu nusu milioni. Mengi yalikuwa ya kulipua vifaru; mengine yalitegewa miguu ya binadamu. Wajerumani wenyewe waliyaita maeneo hayo bustani za shetani. Waingereza nao walikuwa wametega yao. Usiku wa mashambulizi askari wahandisi walitangulia, baadhi wakiwa na vyombo vya kutambua chuma, wengine wakitambaa na kuuchoma mchanga polepole kwa singe.

Tukumbuke ni akina nani waliofanya hayo. Wengi wa askari hao walikuwa wamebatizwa. Mikanda ya askari wa Ujerumani iliandikwa kwamba Mungu yu pamoja nao. Bernard Montgomery, aliyewaongoza Waingereza, alikuwa mtoto wa askofu. Misri yenyewe haikutangaza vita hadi Februari 1945.

Majeshi yaliposonga mbele, mabomu yalibaki. Serikali ya Misri hukadiria mabomu na makombora yaliyosalia kwa mamilioni. Ramani nyingi zilipotea, na upepo huhamisha mchanga, hivyo palipokuwa salama jana huenda pasiwe salama leo. Tena jangwa huhifadhi. Mwaka 2012, ndani kabisa ya jangwa la Misri, ilionekana ndege ya kivita aina ya Kittyhawk iliyoanguka mwaka 1942, ikiwa bado na umbo lake. Chuma cha vita hakiozi upesi. Walioumia tangu hapo ni Mabedui wanaochunga mbuzi na ngamia, wakulima wa tini na shayiri, na waokotaji wa vyuma chakavu.

Mtume Paulo aliwafundisha Wagalatia kwamba mtu huvuna alichopanda. Je, hawa walipanda nini? Hawakupanda kitu. Nabii Ezekieli anatuonyesha kwamba mbele za Mungu mwana habebi hatia ya babaye, nasi twaamini hivyo. Lakini hatia ni jambo moja na madhara ni jingine. Hatia hubaki kwa mtenda. Madhara humwangukia yeyote apitaye.

Baada ya miaka, wazee waliokuwa maadui walirudi El Alamein, penye makaburi ya askari wa pande zote, wakashikana mikono. Ni jambo jema mno. Hata hivyo, kushikana mikono hakukutegua bomu hata moja. Kazi hiyo ilihitaji ramani, fedha, na watu wa kupekua ardhi hatua kwa hatua. Wahenga walisema: mwenye kovu usidhani kapoa.

Zakayo alilielewa jambo hili. Yesu alipoingia nyumbani mwake, hakuishia kufurahi kwamba amepokelewa. Aliahidi kuwarudishia mara nne wote aliowadhulumu. Alijua dhuluma yake ilikuwa bado ndani ya nyumba za watu.

Nasi tuna mabomu yetu: shamba la yatima lililoandikishwa kwa jina lisilo lake, uongo uliotenganisha ndugu, mtoto aliyefichwa baba yake. Tumekwisha kutubu, pengine tumesamehewa, na huenda mwenye kosa amekwisha kufa. Lakini wajukuu wanapita hapo hapo. Anayejua bomu limezikwa wapi na aseme angali hai. Akifa bila kusema, amekufa na ramani.