Moses ama Njamba Nene? Wape watoi vitabu viwili

Wasee, leo ni historia, lakini si ile ya kukariri tarehe. Ni historia ya vitabu vya watoto, vile vya hadithi venye kurasa chache na picha, ambavyo wengi wetu tulivisoma haraka haraka ndiyo turudi kwa kitabu cha kozi.

Shule zetu zilitufunza kusoma kitabu kimoja kimoja. Unasoma, unajibu maswali, unafunga, unasahau. KCPE yenyewe, ile iliyofanywa mara ya mwisho 2023, ilikuwa inakupa kifungu kimoja na majibu manne, A mpaka D, unachagua. Katika miaka yangu nane ya primari sikumbuki mwalimu akiweka vitabu viwili vya hadithi kwa meza moja na kuuliza: hivi vinafanana wapi, vinaachana wapi, na ni kwa nini? Hilo swali la tatu ndilo linanifanya niandike hii. Ukiuliza ni kwa nini vitabu viwili vinaachana, lazima uulize nani aliandika, mwaka gani, akiwa wapi, akiwa amekasirikia nani. Mtoi wa miaka kumi anajipata anafanya historia bila mtu kumwambia ni historia.

Nimekuwa nikijaribu hii maneno na watoi wa ploti yetu, Jumamosi, huku juu kwa paa penye nguo zinaanikwa. Mimi si mwalimu. Niliacha chuo mwaka wa pili juu ya karo, na sina cheti cha kufunza mtu yeyote. Nina chaki tu, na vitabu vya kununua kwa wale jamaa wanauza vya zamani mjini kando ya barabara. Vitabu viwili vya kwanza vilikuwa Moses wa Barbara Kimenye na Njamba Nene wa Ngũgĩ wa Thiong'o.

Kwa wale hamjui, Moses ni kijana wa Uganda anayesoma bweni, katika shule inayopokea wavulana watundu. Shule yenyewe ina jina refu la Kizungu, la kujigamba, ambalo kwa lugha yetu ni kama Taasisi ya Elimu ya Mukibi kwa Wana wa Mabwana wa Kiafrika. Ukisoma ukurasa wa kwanza tu unajua hakuna bwana hapo. Rafiki yake mmoja anaitwa King Kong. Kila siku kuna msala mpya na walimu hawalali.

Njamba Nene naye ni mtoto maskini, nguo zimeraruka, anachekwa na wenzake wa familia za pesa, katika Kenya ya mkoloni. Shule yao inasifu kila kitu cha wageni na kudharau cha nyumbani. Mmoja wa wanafunzi anaitwa John Bull, yaani lile jina ambalo Waingereza huitumia nchi yao wakitaka kuichora kama mtu. Basi lao linaota mabawa, linapaa, wanaishia msituni. Huko, wale waliokuwa wakicheka hawajui kitu, na yule wa nguo zilizoraruka ndiye anajua njia, juu mamake alimfunza mambo ya kwao.

Nikachora miduara miwili kwa sakafu, imepishana katikati. (Aliyeipa umaarufu hiyo michoro ni John Venn, Mwingereza, mwaka 1880, na sidhani aliwahi kuwaza itachorwa na chaki kwa paa la Huruma.) Katikati unaandika vinavyofanana, pembeni vinavyoachana. Watoi waliijaza haraka sana: wote wavulana, wote wako shule, wote wana matatizo na watu wakubwa, wote ni Waafrika walioandikwa na Waafrika.

Hiyo ya mwisho ndiyo nilisimama nayo. Barbara Kimenye alizaliwa Halifax, Uingereza, mwaka 1929. Babake alikuwa na asili ya visiwa vya Karibi. Alisomea unesi, akaolewa na Mtanganyika, wakaja kuishi Bukoba, baadaye yeye akaenda Kampala na kufanya kazi katika serikali ya Kabaka. Miaka ya 1960 akahamia hapa Nairobi, akawa mwandishi wa habari. Moses alitoka mwishoni mwa miaka hiyo, Oxford University Press wakichapisha. Kwa hivyo yule kijana mtundu kutoka Uganda, ambaye watoto wa Kenya wamemsoma vizazi na vizazi, aliandikwa na mama aliyekulia Yorkshire. Mtoi mmoja wa Gredi ya 5 akauliza, "Sasa huyo ni Mwafrika ama si Mwafrika?" Wakaanza kubishana. Sikuwapa jibu, na nikiwa mkweli, sikuwa na haraka ya kulipata.

Halafu Ngũgĩ. Mwaka 1977, kule Kamĩrĩĩthũ, Limuru, yeye na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika mchezo kwa Kikikuyu, ukaigizwa na wanakijiji wenyewe, wafanyakazi na wakulima. Serikali ikaupiga marufuku. Tarehe 31 Desemba mwaka huo wakamkamata Ngũgĩ, akawekwa Kamiti bila kesi mpaka Desemba 1978. Huko ndani ndiko aliandika riwaya kwa karatasi ya choo, na huko ndiko aliamua riwaya zake zitakuwa kwa lugha ya mamake. Njamba Nene wa kwanza alitoka kwa Kikikuyu mwaka 1982, mwaka uleule wa jaribio la mapinduzi, na mwaka uleule Ngũgĩ alikuwa Uingereza, akapata habari kwamba akirudi atakamatwa, akabaki nje. Kile tunachosoma sisi kwa Kiingereza ni tafsiri ya Wangũi wa Goro, ya 1986.

Sasa angalia hiyo tofauti ya miaka. Kimenye anaandika uhuru ukiwa bado mbichi: Uganda 1962, Kenya 1963. Watu wanapeleka watoto shule za majina makubwa ndiyo wawe mabwana, na yeye anawacheka kwa upole. Lile jina la shule ni mzaha mtupu. Ngũgĩ anaandika karibu miaka ishirini baada ya uhuru, ametoka jela, jela ya serikali ya Waafrika wenzake. Hawezi kucheka kwa upole. Kwake wale watoto wa kujifanya wazungu wamekua, na sai ndio wanatawala. Ukisoma kimoja peke yake utadhani Moses ni vituko tu, ama Njamba Nene ni mahubiri tu. Viweke kando kwa kando, utaona vitabu vyote viwili vinauliza kitu kimoja: hii shule tulirithi inatufanya nani?

Na hapo ndipo mimi na Ngũgĩ tunatofautiana, kwa heshima zote (alituacha Mei 2025, apumzike). Kwa Njamba Nene, wokovu ni lugha na maarifa ya mama. Sawa kabisa. Ngũgĩ mwenyewe ameandika jinsi shuleni mtoto aliyeshikwa akiongea Kikikuyu alichapwa ama kuvishwa kibao shingoni cha kumtusi. Sisi pia tulikuwa na yetu, kipande cha mbao, tulikiita disk, na ulikipata ukiongea Kiswahili ama Sheng. Aliyelala nacho alikuwa ameisha. Kwa hivyo uchungu wake naujua.

Lakini muulize mtoi wa Huruma lugha ya mama ni ipi. Mathe ni Mluo, buda ni Mkamba, jirani ni Mborana wa kule Kiamaiko kwa mbuzi, na kwa ngazi ya ploti wote wanaongea Sheng. Msitu wa Njamba Nene una miti ambayo mamake alimfunza majina. Msitu wa huyu mtoi ni Juja Road saa kumi na mbili jioni. Nilipowauliza nani kati ya hao vijana wawili angeishi Huruma wiki moja bila kuporwa, karibu wote walisema Moses. Msichana mmoja tu alikataa. Alisema Moses angekuwa kwa shida siku ya kwanza, juu anazoea kuwa na mwalimu wa kumwokoa, lakini Njamba Nene amezoea kuchekwa na bado anatembea. Hilo sijalisikia kwa mwalimu yeyote.

Huyo huyo msichana ndiye aliuliza swali lililonimaliza: mbona hivi vitabu vyote ni vya vijana? Mmoja kaandikwa na mwanamke kabisa!

Vya wasichana vilikuwepo, ila havikufika kwetu kwa wingi ule. Marjorie Oludhe Macgoye alitoa Growing Up at Lina School mwaka 1971, kuhusu wasichana shuleni. Asenath Bole Odaga aliandikia watoto miaka na miaka. Na kwa Kiswahili kuna msichana mmoja wa zamani zaidi ya hao wote: Elisi. Ni yule Alice wa Lewis Carroll, aliyemfuata sungura shimoni. Mwaka 1940, Sheldon Press ya London walimtoa kwa Kiswahili kama Elisi Katika Nchi ya Ajabu, na kwa picha walimchora msichana Mwafrika. Hebu fikiria. Wakati wa ukoloni, kitabu cha Kiingereza kupindukia, na huyo hapo ni dada yetu. Mwaka 2015 kikatafsiriwa upya na Ida Hadjivayanis, mwanamke wa Kiswahili anayefunza chuo kikuu huko London, kikaitwa Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu.

Hapo huhitaji hata kufungua kitabu. Chukua majina mawili tu, uwape watoi dakika tano. Elisi na Alisi. "Katika" na "ndani ya". Wangu waligawanyika. Wengine walisema ni kitu kimoja. Wengine wakasema katika ni ya kitabu cha shule, ndani ya ni ya mtu ameingia, mlango umefungwa nyuma yake. Halafu wakataka kujua: aliyemchora Elisi mweusi 1940 alikuwa anatupenda ama alikuwa anatuuzia kitu? Manze, hilo ni swali la tasnifu, na linaulizwa na mtu ambaye bado hajapoteza meno yote ya utoto.

Najua mtasema mtaala mpya unataka watoto wafikiri, si kukariri, kwa hivyo hii kazi inafanywa. Kwa karatasi, ndiyo. Lakini kulinganisha kunahitaji vitabu viwili, na nyumba nyingi za huku kitabu cha hadithi hata kimoja ni anasa. Mzazi akipata chapaa ananunua cha kozi juu shule imeitisha. Maktaba ya Makadara iko, ni ya umma na imekarabatiwa vizuri, lakini mtoi wa miaka tisa hawezi kutoka Huruma peke yake kuifikia. Kwa hivyo mpango wangu ni mdogo: vitabu viwili viwili, jozi, vimefungwa na raba, vinazunguka kwa ploti. Haukopeshwi kimoja. Unachukua vyote viwili ama unaacha.

Sai nina jozi nne. Ya tano ingekuwa Moses na Lina School, ndiyo yule msichana apate shule mbili za kupima, lakini Lina School nimeitafuta kwa wauzaji wote ninaowajua na sijaipata. Kama iko kwa kabati ya mathe ama shosho yako, hata kama haina jalada, niambie hapo chini.